Mwenzako Akichekesha, Simama Useme: Ilani ya Watunzi wa Vichekesho Vifupi, Sanga

 

Sisi tunaotunga na kucheza vichekesho vifupi hapa Sanga, mjini Kamina, Katanga, tumekubaliana jambo moja, na tunaliandika ili asiwepo wa kulikana kesho. Kuanzia sasa kichekesho cha mwenzako ni juu yako: kukitazama, kukicheka, kukisifu mbele za watu, na kukitunza kisipotee. Anayetaka kuungana nasi haulizwi ametunga vingapi. Anaulizwa anakijua kichekesho gani cha mwenzake, mwanzo hadi mwisho, na uzuri wake uko wapi.

Kichekesho tunachokisema kila mtu hapa anakijua. Ni dakika kumi, pengine kumi na tano, wachezaji wanne au sita, kiti kimoja, kitenge cha kuazima. Kinachezwa katika lupango (ua) la mtu, katika darasa lililosogezwa madawati, uani kwa parokia. Kinachezwa shule zikifungwa, siku ya harusi, siku ya kuondoa matanga. Watu wanacheka, wanarudi kwao wakicheka, kesho sokoni wanarudia maneno mawili matatu, na mwezi ukipita hakuna anayekumbuka aliyekitunga ni nani. Watazamaji hawana lawama. Wao walikuja, wakakaa, wakacheka, na hiyo ndiyo kazi yao. Kazi ya kukumbuka ni ya watunzi, na hakuna mwingine wa kuifanya.

Tunajua methali tutakayorushiwa: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa methali hiyo wengi wamejifunza kunyamaza mwenzao anapofanya vizuri, wakiamini kwamba ukimya wao unamlinda asivimbe kichwa. Sisi tunaona kinyume chake. Mgema anayetia maji ni yule aliyesifiwa ovyo, na watu ambao hata hawakuonja. Mwambie mgema kwamba tembo lake la juzi lilikuwa na ukali unaochelewa, unaokuja baada ya kumeza, na kwamba la jana halikuwa nao. Hatathubutu kutia maji, maana ameshajua kuna mtu anayeonja. Sifa ya jumla humharibu mtunzi. Sifa inayotaja mahali, neno na mwendo humfunga kwenye kazi yake. Tunataka hiyo ya pili, na tunaitaka kwa sauti.

Vichekesho vya Katanga havikuzaliwa kwenye karatasi. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo wazazi wetu walilisikia redioni kabla sisi hatujazaliwa, halikuwa likiandika maneno ya mchezo. Walikaa, wakazungumza habari yenyewe, wakagawana nafasi, wakajaribu, wakabishana, wakajaribu tena, na maneno yakaja mdomoni mwa mchezaji kwa Kiswahili kilekile anachokisema barabarani. Mwaka 1986 mtaalamu Johannes Fabian aliwafuata wakitengeneza mchezo mmoja kutoka kwenye methali ya kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Alirekodi mazungumzo yao na mazoezi yao hadi wakaucheza katika kijiji cha Kawama mbele ya kamera za televisheni, na mwaka 1990 akatoa kitabu juu yake. Kwa hiyo mchezo ule mmoja tunaweza kuuchunguza hadi leo, pamoja na namna ulivyopatikana. Kundi hilo limecheza michezo mingi sana redioni na nje ya redio. Ule mmoja tunao kwa ukamilifu kwa sababu mtu alikaa pale akiwa na heshima ya kutosha kuona kwamba kicheko kinastahili kuandikwa. Kwa nini mtu huyo asiwe mtunzi mwenzao? Kwa nini asitoke hapa?

Kamina ina somo lake lenyewe kuhusu jambo hili. Mwaka 1958 kwaya ya hapa mjini, iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, iliimba misa ambayo dunia inaijua kwa jina la Missa Luba. Walikuwa watoto wa shule na walimu wao. Nyimbo zile zilitengenezwa na waimbaji wenyewe wakiimba, kila mmoja akiongeza, juu ya mitindo ya kwetu. Mwaka huohuo waliimba Ulaya, hata katika maonyesho makubwa ya Brussels, na miaka kumi baadaye kipande cha misa hiyo kikaingia katika filamu ya Uingereza. Ni fahari yetu. Lakini muulize mtu yeyote duniani nani alifanya Missa Luba. Atakutajia padri Guido Haazen aliyeiongoza kwaya, na mfalme ambaye kwaya ilipewa jina lake. Vijana wa Kamina waliotoa sauti na kubuni vipande vile hapo hapo ni nadra kutajwa. Kazi ya pamoja isiyo na mtu wa kutaja majina huishia kuwa ya aliyesimama mbele. Vichekesho vyetu ni kazi ya pamoja vilevile, tena havina hata sahani ya muziki.

Na bado nchi hii ilijua kukumbuka. Katika ufalme wa Waluba walikuwapo Mbudye, watu waliofundishwa kutunza habari za wafalme, safari zao na mahali patakatifu. Walikuwa na lukasa, ubao wa mkononi uliopigiliwa shanga, na mwenye elimu alipitisha kidole juu yake akasimulia. Kumbukumbu haikuachiwa bahati. Iliwekwa mikononi mwa watu walioijua kazi hiyo. Sisi hatujifanyi Mbudye, na siri zao si zetu. Tunachosema ni kwamba katika nchi iliyotunza historia namna ile, hakuna sababu ya kuacha vicheko vya watu wake vimwagike.

Tutoe mfano wa sifa tunayoitaka, ili tusieleweke vibaya.

Mwenzetu mmoja, mama anayeuza samaki wakavu asubuhi na kutunga jioni, ana kichekesho cha mahari. Pande mbili zimekaa. Mjomba wa binti anataka kumwona mbuzi aliyeahidiwa. Baba wa kijana anasema mbuzi yupo nje, amefungwa kwenye mwembe. Mjomba anainuka akamtazame. Papo hapo anaingia mgeni ambaye lazima asalimiwe kwa mikono miwili, na mjomba anarudi kitini. Anainuka tena. Kinaletwa kikombe cha munkoyo, na aliyekileta amepiga magoti mlangoni, huwezi kumpita. Anainuka tena. Bibi mzee anaanza kutaja majina ya ukoo, na jina la babu yako likitajwa huondoki. Inakwenda hivyo hadi binti mwenyewe anatoka nje, anarudi, anakaa karibu na kijana wake na kusema neno moja: "Tuendelee." Kimekwisha. Mbuzi yupo au hayupo? Watu wanarudi makwao wakibishana.

Ukimwambia mama huyu kwamba kichekesho cha mbuzi kinachekesha, hujampa kitu. Vicheko amevisikia mwenyewe. Sisi tunamwambia hivi. Mama, hukumliza mbuzi nyuma ya pazia, na mtunzi mwingine angemliza. Vizuizi vyako vyote ni adabu ya kweli, hakuna hata kimoja cha kubuni, na kwa sababu hiyo hatukumcheka mjomba kama mjinga. Tulimcheka kama mtu mwenye haraka aliyezidiwa na malezi yake mema, na hapo kila mmoja wetu alijiona. Umevipanga kwa uzito: mgeni, kikombe, ukoo, na kila kimoja ni kigumu kukipita kuliko kilichotangulia. Na yule binti, aliyekaa kimya wakati wakubwa wanamzungumzia, ndiye peke yake aliyepita mlangoni, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kumzuia. Jambo hilo ulikuwa umeliweka mbele ya macho yetu tangu mwanzo na hatukuliona.

Hiyo ndiyo sifa. Aliyeisikia atatunga tofauti kesho, na wengine waliokuwa pale wataenda kupanga vizuizi vyao upya.

Wapo wanaodhani kichekesho kifupi ni mchezo wa kungojea mchezo wenyewe, kitu cha kuwatuliza watoto wakati mgeni rasmi hajafika. Hatukubali. Anton Chekhov wa Urusi aliandika mchezo mfupi wa kuchekesha uitwao Dubu mwaka 1888, akausema vibaya mwenyewe, akauita upuuzi. Hadi leo unachezwa dunia nzima. Henry Kuria alikuwa mwanafunzi wa Alliance, Kenya, wanafunzi wenzake walipocheza Nakupenda, Lakini mwaka 1954, na hiyo ni miongoni mwa tamthilia za kwanza za Kiswahili zilizotungwa na Mwafrika. Mchekeshaji King Majuto wa Tanga alipofariki mwaka 2018, nchi nzima ya Tanzania ilimlilia. Mtunzi wa kwetu akisema mbele ya watu kwamba kazi yake ni kitu kidogo tu, mwenzake aliye karibu na asimame amkanushe.

Sasa tunafika mahali pagumu, nasi tutakaa hapo kidogo. Kuna kicheko ambacho hatutakisifu hata kikiangusha watu chini.

Reli ya Kamina inakwenda Lubumbashi, inakwenda Kabalo, inakwenda Kasai. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu, na mabehewa yaliyowabeba yalipita hapa. Watu wazima wa mji huu wanakumbuka. Kabla ya mabehewa yalikuwapo maneno, na mengi ya maneno hayo yalisemwa kwa kucheka: namna Mkasai anavyoongea, anavyopenda fedha, anavyojaza ndugu zake kazini. Jirani zetu wa mkoa wa Tanganyika wameona Waluba na Watwa wakiuana tangu 2013, na huko pia dharau ilitangulia mishale. Mtunzi wa vichekesho anayejua watu hucheka nini anajua vilevile namna ya kumfanya jirani aonekane si mtu. Kichekesho kinachomfanya Mtwa kuwa mnyama, Mkasai kuwa mwizi, au mke anayepigwa kuwa burudani, hatutakisifu, hatutakiandika, na mtunzi wake tutamfuata nyumbani tumwambie. Hatumkatazi mtu kumcheza Mkasai. Mchezeni, ila awe na akili kama watu wengine, apate na kukosa kama wengine, na aruhusiwe kumcheka Mluba.

Kuhusu makosa ya kazi yenyewe, tunayasema, lakini si siku ile wala mbele ya watu. Sisi tunaojua kuchekesha tunajua na kuumbua, na maneno mawili ya mtunzi hodari yanaweza kumzima kijana aliyesimama jukwaani kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo sifa ni ya usiku, hadharani. Kasoro ni ya asubuhi, wawili peke yao.

Tutakavyofanya ni hivi. Mchezo ukiisha, kabla watu hawajatawanyika, mtunzi ambaye hakushiriki anasimama, anataja jina la aliyetunga na majina ya waliocheza, na anasema jambo moja lililofanywa vizuri na lilikuwa wapi. Kisha linaandikwa daftarini: majina, mahali, tarehe, habari ya mchezo, na maneno yaliyochekesha, kama yalivyotamkwa, Kiswahili cha Kamina kikichanganyika na Kiluba na Kifaransa, bila kuyanyoosha. Mwenye simu arekodi sauti, wachezaji wakikubali. Daftari litahama nyumba hadi nyumba ili lisiwe la mtu mmoja. Ukicheza kichekesho cha mwenzako utamtaja kabla ya neno la kwanza, na kilichochangwa usiku huo utagawana naye. Na kabla ya vya kwetu tutaanza na wazee waliocheza zamani misheni na shuleni; tutakwenda kwao, tukae, watuchezee kwa maneno kama miguu haiwezi tena.

Watunzi wa Bukama, Kabongo, Kaniama na Malemba-Nkulu, mkifika Kamina kwa treni au kwa kinga (baiskeli), bukari (ugali) na mahali pa kulala ni juu yetu. Mje na kichekesho kimoja ambacho si chenu, na jina la aliyekitunga.