Kurudia Mtihani Si Ushujaa



Miongoni mwa methali nilizowafundisha, ipo moja ambayo leo natamani ningeifundisha kwa uangalifu zaidi: "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu." Sisi wa Uganda hatuna bahari, lakini tunao ufuko wa Ziwa Viktoria, na maana yake haikutupita: anayehangaika ufukoni hakosi kitoweo. Wiki iliyopita methali hiyo ilinirudia kwa simu, kinywani mwa kijana niliyemfundisha miaka kadhaa iliyopita, na nilipoisikia nilijuta.

Kijana huyo ana shahada ya kwanza ya takwimu. Anataka kusomea shahada ya uzamili nchini Marekani, na kwa ajili hiyo alifanya mtihani wa GRE. Alipata 151 katika sehemu ya lugha na 155 katika sehemu ya hisabati. Jamaa zake walipozisikia alama hizo walitoa hukumu moja kwa sauti moja: rudia. Mama yake alikuwa tayari kuuza ng'ombe. Ada ya mdogo wake aliye kidato cha nne ingesubiri. "Mwalimu," akaniambia, "mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nirudie, sivyo?"

Nilimwuliza swali moja tu: "Katika vyuo vitano unavyotaka kuomba, ni vingapi vinavyoutaka mtihani huo?"

Akanyamaza. Hakuwa ametazama.

Ukimya ule ndio ulionifanya nishike kalamu. Kijana alikuwa ameshauriana na wajomba, marafiki na wahubiri wa mafanikio, na wote walimpa moyo. Hakuna hata mmoja aliyempa habari. Dai langu leo ni hili: kurudia mtihani ni matumizi ya fedha na ya muda, na huamuliwa kwa hesabu kama matumizi mengine yote ya nyumba. Tukiugeuza uamuzi huo kuwa kipimo cha ushujaa, tunawadhulumu hasa wale ambao nyumbani kwao kuna ng'ombe mmoja tu.

Tuanze na mtihani wenyewe. GRE hutolewa na ETS, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1947. Una sehemu ya lugha na sehemu ya hisabati, ambazo kila moja hupewa alama kuanzia 130 hadi 170, pamoja na insha inayopimwa kuanzia 0 hadi 6. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, na mtahiniwa humaliza kwa muda usiofika saa mbili. Alama hudumu miaka mitano. Anayetaka kurudia anaruhusiwa baada ya siku 21, na asizidi mara tano katika kipindi cha miezi kumi na miwili.

Yazingatieni masharti hayo ya mwisho. Mlango wa kurudia uko wazi daima, na kila anayeupita hulipa upya. Katika nchi nyingi ada ni dola 220, yaani karibu shilingi laki nane za Uganda. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapa kwetu hupokea takriban laki tano kwa mwezi. Anayesema "rudia tu" anasema, bila kufikiri, kwamba mwalimu huyo atoe mshahara wa zaidi ya mwezi mmoja na nusu kwa ajili ya asubuhi moja mbele ya kompyuta. Neno "tu" ni dogo sana kubeba mzigo huo.

Sasa tuziangalie alama. Watu wengi huzisoma kama uzito wa gunia la kahawa: 155 ni 155, na 157 ni bora kuliko 155. Sivyo zilivyo. Watungaji wenyewe wa mtihani hukiri kwamba alama ya mtu mmoja ina kosa la upimaji la takriban pointi mbili juu au chini. Maana yake ni kwamba mtahiniwa yuleyule, mwenye elimu ileile, anaweza kupata 153 siku moja na 157 siku nyingine bila kujifunza wala kusahau chochote. Anayerudia ili apande kutoka 155 hadi 157 ananunua bahati nasibu kwa bei ya ng'ombe.

Tena, alama moja haina thamani moja katika sehemu zote mbili. Alama 160 katika lugha humweka mtahiniwa juu ya zaidi ya robo tatu ya wenzake duniani. Alama 160 katika hisabati humweka karibu na katikati, kwa sababu watahiniwa wengi wa uhandisi na sayansi hupata alama za juu sana katika sehemu hiyo. Kwa hiyo anayeuliza "alama yangu ni nzuri?" ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: nzuri kwa idara ipi, na kwa fani ipi?

Hapo ndipo tunapofika mlangoni. Katika miaka ya karibuni, na hasa tangu janga la korona la 2020, idara nyingi za Marekani zimeacha kuudai mtihani huu, au zimeufanya wa hiari. Wala msidhani kwamba chuo kizima kina kanuni moja. Katika chuo cha MIT, idara ya uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta haiuombi mtihani huu, ilhali idara ya uchumi ya chuo hichohicho imeendelea kuudai kwa waombaji wa shahada ya uzamivu. Ndani ya lango moja, mlango mmoja unataka ufunguo huu na mwingine hauna hata tundu lake. Tena kanuni hizo hubadilika mwaka hadi mwaka. Anayekwenda kuchonga ufunguo upya kabla hajautazama mlango, huyo tumwite nani?

Najua tabia hii ilikotoka, na sisi walimu hatuna budi kukiri sehemu yetu. Mtoto wa Uganda hukua akihesabiwa kwa mitihani. Anapimwa darasa la saba, anapimwa kidato cha nne, anapimwa kidato cha sita, na kila Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo, magazeti hupambwa kwa picha za waliong'ara huku wazazi wakiwabeba juu juu. Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyekosa pointi za kuingia udaktari hurudia mwaka mzima, na huenda ana haki, kwa kuwa hapo pointi ndizo zinazohesabiwa kwa sehemu kubwa. Tunachosahau kuwaambia ni kwamba si kila mtihani uko hivyo. GRE ni karatasi moja ndani ya faili yenye nakala ya matokeo ya chuo, barua za mapendekezo, maelezo ya mwombaji na kazi alizokwisha kuzifanya. ETS yenyewe huvionya vyuo visimkatae mtu kwa sababu ya alama ya GRE peke yake. Mtungaji wa mtihani anasema usiutegemee huo tu, na mjomba wa kijana anasema utegemee huo tu. Mimi ninamsikiliza mtungaji.

Lugha yetu inalo funzo hapa. Katika Kiswahili neno "mtihani" lina maana mbili. Ni maswali anayopewa mwanafunzi ajibu, na pia ni taabu inayompata mja ili uvumilivu wake ujulikane. Mtu akifiwa au akiunguliwa na nyumba, huambiwa, "Huo ni mtihani." Nahofia kwamba tumezichanganya maana hizi mbili. Tunamwona kijana aliyekosa pointi kadhaa kana kwamba amepatwa na msiba, na tunamtaka athibitishe imani yake kwa kurudi motoni. Lakini GRE ni mtihani wa maana ya kwanza tu. Hauijui imani yake, wala bidii yake, wala usiku aliokesha kwa taa ya mafuta. Unajua alivyojibu maswali fulani siku fulani.

Zipo hoja mbili za kunipinga, nami nitazijibu waziwazi.

Ya kwanza ni hii: "Wewe mwenye stashahada ya ualimu, unajua nini kuhusu masomo ya uzamili?" Swali ni la haki. Sijawahi kukaa katika mtihani huo. Hata hivyo, masharti yake yametangazwa hadharani, na kazi niliyosomea ni kuwafundisha watu kusoma. Kama raia anahitaji shahada ya uzamivu ili asome tangazo kabla hajalipa ada, basi tumeshindwa sisi tulioanza naye.

Ya pili ni nzito zaidi: "Wapo waliorudia wakafaulu." Ni kweli, wapo. Tunawasikia kwa sababu wao ndio wanaoalikwa kusema. Waliorudia mara mbili wakabaki palepale, huku deni likiwa limeongezeka, hawapewi kipaza sauti. Methali isemayo "Mvumilivu hula mbivu" haikutungwa na yule aliyekaa chini ya mti usiozaa.

Je, namkataza mtu yeyote kurudia? La. Ninataka arudie kwa sababu, na sababu hizo naziona tatu, zote zitimie kwa pamoja. Kwanza, idara anayoitaka iwe inaudai mtihani kweli, na alama yake iwe chini ya ile inayotarajiwa huko kwa tofauti kubwa kuliko kosa la upimaji. Pili, ajue ni nini kilichomwangusha, na awe amekibadilisha. Aliyeugua siku ile na sasa amepona ana sababu. Aliyefanya mtihani nyumbani, umeme ukamkatikia katikati, ana sababu. Aliyesahau hisabati ya sekondari na sasa ameisoma upya kwa miezi kadhaa, akajipima kwa majaribio kamili na kuona amepanda, ana sababu. Anayesema "safari hii Mungu atasaidia" hana sababu. Ana matumaini, na matumaini hayahitaji risiti. Tatu, fedha anazotumia zisiwe karo, dawa au chakula cha mtu ambaye hakuulizwa.

Sharti hili la tatu ndilo linalolifanya jambo hili kuwa somo la uraia. Tumezoea kusema kwamba mtihani ni wa mtu binafsi. Ada yake je? Katika familia zetu ni ya ukoo. Yule mdogo wake wa kidato cha nne ana mtihani wake mwaka huu, na yeye hana ruhusa ya kuurudia baada ya siku 21. Akiukosa kwa sababu ya karo, atausubiri mwaka mzima, au asirudi shuleni kabisa. Hakuitwa kwenye kikao kilichoamua. Demokrasia tunayoidai kwa serikali huanzia kwenye vikao kama hivyo, ambapo anayelipa gharama ana haki ya kusikilizwa.

Mtaniuliza kijana aliamua nini. Jioni ileile alifungua kurasa za idara zake tano, moja baada ya nyingine. Tatu haziutaki mtihani kabisa. Moja inasema ni wa hiari. Ya tano inaudai, na waombaji wanaopokelewa huko wana alama za hisabati zilizo juu ya 165. Kati ya 155 na 165 kuna pengo la kweli, ambalo haliruki mtu kwa wiki tatu. Kwa hiyo mlango huo ameuacha kwa mwaka huu, akaazima vitabu vya hisabati, na akasema atauamua upya akishajipima. Wiki hii anaandika upya maelezo yake kwa zile idara nne, na amemwomba mhadhiri wake barua ya mapendekezo. Ng'ombe bado yuko zizini, na karo ya mdogo wake imelipwa.

Huenda akapokelewa, huenda asipokelewe, majibu hayajaja. Hata asipopokelewa, sitasema kwamba alikosa ujasiri. Ilihitaji ujasiri kuwaambia wajomba waliosimama pamoja kwamba hawakuwa wamesoma masharti.

Basi turudi ufukoni. Mgaagaa na upwa hupata kitoweo kwa sababu anatembea. Hutazama maji yamekupwa wapi, samaki wamebaki katika dimbwi lipi, kisha huenda huko. Anayegaagaa mahali pamoja, juu ya mchanga uleule mkavu, atachoka sawa na mwenzake, na wali wake utabaki vilevile. Mkiulizwa maana ya methali hii tena, jibuni hivyo, na kama mwalimu wenu aliwafundisha vingine, msahihisheni.