Kabla ya Masika, Tunyonye Vyoo vya Bondeni

Mvua ya masika ikikolea Dar es Salaam, baadhi ya kaya za Vingunguti, Kigogo na Tandale hutoboa shimo la choo ili kinyesi kiondoke na maji. Wenyewe huita jambo hilo kutapisha choo. Uchafu huo hupita mitaroni na milangoni mwa jirani, huingia Mto Msimbazi, hupita Jangwani na kuishia baharini karibu na Daraja la Salender. Njiani kuna visima vifupi na bustani za mchicha zinazomwagiliwa maji ya mto huohuo. Kipindupindu kikizuka, tusijifanye tumeshangaa.

Kutapisha choo ni kosa, na faini ipo. Lakini anayemlaumu mpangaji peke yake hajapita vichochoro vile. Lori la kunyonya majitaka haliingii. Bondeni maji ya ardhini yako juu, kwa hiyo shimo hujaa upesi, na bei ya tripu moja inaitisha kaya inayolipa kodi kwa shida. Wanaobaki ni vyura, vijana wanaoingia shimoni na ndoo, kisha wanafukia kinyesi palepale uani. Kazi hiyo inawaumiza wao na ardhi.

Kinachouma zaidi ni kwamba mabwawa ya kutibu majitaka yako Vingunguti hapohapo. Uchafu wa mitaa ya mbali huletwa huko, na jirani wa mabwawa anasubiri mvua! Mabomba membamba yaliyopitishwa vichochoroni kuunganisha baadhi ya nyumba yameonyesha kwamba jambo hili linawezekana.

Serikali ina Mradi wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa mwaka 2022. Tunauunga mkono. Hata hivyo, daraja refu na kingo imara za mradi huo havitausafisha mto unaopokea uchafu wa vyoo vya mitaa iliyo juu yake. Kuhamisha watu pia hakutoshi: baada ya mafuriko ya Desemba 2011 waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na riziki zao, na wapo waliorudi.

DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka, na halmashauri za jiji zinunue mashine ndogo zinazoingia vichochoroni, ziongeze mabomba yale, na ziruhusu malipo ya kidogokidogo. Mwenye nyumba anayekusanya kodi huku choo kimefurika atozwe faini yeye, si mpangaji wake. Kazi hiyo ianze sasa, wakati ardhi bado kavu.