UCHAMBUZI: Vita dhidi ya Homa ya Bonde la Ufa vianzie zizini

Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Garissa mwishoni mwa 2006, wafugaji waliiona kabla ya madaktari. Mvua ilikuwa imepita kiasi, mbu wamefurika, na kondoo na mbuzi wakiharibu mimba kwa wingi. Habari hizo hazikufika hospitalini mapema. Ugonjwa ulipothibitishwa kwa binadamu mwezi Desemba, ulikuwa umekwisha kuenea. Zaidi ya watu 150 walifariki nchini. Uchinjaji ulipigwa marufuku na masoko ya mifugo kufungwa, hata mfugaji ambaye hakuugua akakosa karo ya watoto.

Tatizo halikuwa dawa, kwani ugonjwa huu hauna tiba mahususi. Daktari wa mifugo na daktari wa binadamu walitumikia wizara tofauti, kila mmoja na faili zake. Mnamo 2011 wizara hizo ziliafikiana kuwa na kitengo cha pamoja cha magonjwa yanayotoka kwa wanyama. Ni hatua ya busara, ingawa ilichelewa.

Hata hivyo, maafikiano ya Nairobi hayachanji ng'ombe wala mbwa. Tangu 2013, huduma za afya na za mifugo zimo mikononi mwa kaunti. Mpango wa kutokomeza kichaa cha mbwa kufikia 2030 unadai asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Kaunti isiyotenga fedha za petroli ya afisa wa mifugo itazitumia, tena maradufu, kumdunga sindano mtoto aliyeumwa.