Mfalme Arthur katika Vita vya Hitler

Riwaya ya The King ya Mmarekani Donald Barthelme ilitoka mwaka 1990, mwandishi akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Ndani yake Mfalme Arthur, Malkia Guinevere na Lancelot wanaishi Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia. Lawama dhidi ya riwaya hii zinajulikana, na nyingi hazisimami.

Wapo wasemao kavuruga nyakati: deraya na mikuki vina nini na ndege za kivita? Arthur huyo hajawahi kukaa katika zama zake. Husimuliwa kwamba alipigana na Wasaksoni karne ya 5 au ya 6, lakini Thomas Malory, aliyemaliza kitabu chake karibu na mwaka 1470, alimvika deraya za karne ya 15, na watu wakampenda hivyo hivyo.

Eti tena ni dhihaka kwa waliokufa. Kichekesho kipo, sikatai: Malkia anamsikiliza Lord Haw-Haw, mtangazaji wa Wanazi, akimsengenya redioni. Ila mtu huyo alikuwapo. Jina lake halisi ni William Joyce, na alinyongwa London mwaka 1946. Mshairi Ezra Pound, anayesikika humo pia, naye alitangaza kweli kutoka Italia akiwatukana Wayahudi. Upuuzi huo Barthelme aliukuta tayari.

Lawama nzito ni ya bomu. Kikombe Kitakatifu, walichokihangaikia mashujaa wa kale, humu ni bomu la atomiki, na Arthur anakataa kulitengeneza. Wakosoaji wanadai huko ni kuisafisha Uingereza. Naona kinyume kabisa. Msomaji anajua kwamba Julai 1945 serikali ya Uingereza iliridhia rasmi bomu litumike dhidi ya Japani, na Agosti 6 Hiroshima ikateketea. Mfalme wa hadithi akikataa, wanaoumbuka ni wale wa kweli waliokubali. Nasi hatuko mbali na jambo hilo: sehemu kubwa ya urani ya mradi wa kuunda bomu hilo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwenye Kiswahili cha migodini, na wachimbaji hawakuulizwa.

Kwamba riwaya ni maongezi karibu mwanzo hadi mwisho, hilo ni kweli, na mara nyingine inabidi urudi nyuma ujue nani anasema. Lakini wengi wa wahusika wako mbali na uwanja wa mapambano. Vita vinawafikia kwa uvumi na redio.