Vyaelea vimeundwa: somo la Gazi kwa vikundi vyetu vya Pwani

Siku hizi ukipita vijiji vya Pwani hukosi kusikia kikundi kipya cha mazingira kimesajiliwa. Ni jambo la kheri, lakini nina hofu nalo. Niliwahi kuwa mwanachama wa kikundi kama hicho. Miche tulikuwa nayo, na watu wa kuipanda pia. Kilichotuvunja ni daftari la pesa kukaa nyumbani kwa mtu mmoja.

Ndiyo maana kila mtu anapoitaja Mikoko Pamoja ya Gazi, kaunti ya Kwale, mimi hutazama ilivyokua. Wengi wanaijua kwa Tuzo ya Ikweta ya mwaka 2017. Wanasahau kwamba miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilifyekwa kwa kuni za viwandani, pakabaki matope matupu. Watafiti wa KMFRI pamoja na wanakijiji walianza kuirudisha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Biashara ya kaboni ilikuja mwaka 2013, baada ya miaka 20 ya kupanda na kulinda.

Msitu wenyewe si mkubwa, ni hekta 117. Lakini mapato yake yameleta maji na kusaidia shule za Gazi na Makongeni, na wanakijiji ndio husema ni mahitaji gani yatangulie. Pia walipanda mivinje, kwa sababu humwambii mtu aache kukata boriti bila kumwonyesha atajengea nini. Majirani wakaona, na mwaka 2019 Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha mradi wao kwenye zaidi ya hekta 400.

Sasa kaboni ina wateja, na madalali hawako mbali. Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanaitaka miradi ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Hilo ni zuri. Hata hivyo, asilimia 40 ya hesabu usiyoionyeshwa, utajuaje kama ni 40 au ni 4? Na pesa ikishafika kijijini, sheria haitakaa barazani kuuliza imekwenda wapi. Hiyo ni kazi yetu.

Kwa hivyo, ndugu zangu, kabla hamjatia sahihi mkataba wowote, ulizeni hadharani: tani zimeuzwa ngapi, kwa bei gani, na daftari liko kwa nani? Akina mama na vijana wanaoshinda kwenye matope wawepo jibu likitolewa. Mkataba usomwe kwa Kiswahili, mbele ya wote. Kiongozi akikasirika kwa kuulizwa, msitie sahihi siku hiyo.