Ukichajia boda ya stima kwenye ploti, nani atalipa moto ukizuka?

Kijana mwenzangu, kama kila usiku unavuta waya dirishani kuchaji boda yako ya umeme, jiulize swali hilo leo.

Usitegemee bima ya pikipiki. Ile ya lazima, ambayo polisi huuliza barabarani, hufidia watu wanaoumia au kufa kwenye ajali. Jengo la landilodi na godoro la jirani havimo. Na landilodi asipoiarifu kampuni yake ya bima kwamba mnachaji humo, kampuni inaweza kupata sababu ya kukataa kulipa. Mtabaki na majivu, tena na kesi.

Lakini malandilodi nao wasijifiche nyuma ya bima kutupiga marufuku. Boda ndiyo ugali wetu. Ukikataza chaja, waya zitapita kwa siri na hatari itazidi.

Dawa ipo. Itengwe sehemu moja ya kuchajia, mbali na ngazi na milango, yenye mita yake. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka iliyotoa mwongozo wa vituo vya kuchaji mwaka 2023. Kisha kampuni ya bima ipewe taarifa kwa maandishi. Bima ikipanda, nyongeza hiyo iwekwe kwenye bei ya kuchaji. Asiye na boda asiguswe.

Msiende kwa keretaka mmoja mmoja. Nendeni pamoja, wiki hii. Bima hukatwa kabla ya moto, si baada.