Mshika Mbili Moja Humponyoka

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Usemi huo huwafika watu wengi wanaotumia Vim, programu ya kuhariri maandishi katika terminali ya kompyuta. Mtu hunakili aya kwa uangalifu, akaenda mahali anapotaka kuibandika, akafuta kwanza mstari wa zamani uliokuwapo, kisha akatoa amri ya kubandika. Loo! Kinachotokea si ile aya, bali ni mstari uleule aliokwisha kuufuta. Hapo hudhani kwamba nakala imepotea, akaanza kuandika upya.

Asili ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1976, Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika programu iitwayo vi. Terminali za siku zile hazikuwa na kipanya, hivyo kila kazi ilipewa herufi yake. Mholanzi Bram Moolenaar alifuata utaratibu huo alipotoa Vim mwaka 1991.

Mtumiaji hubonyeza kwanza kitufe cha Esc, ili herufi zichukuliwe kuwa ni amri. Akibonyeza yy, mstari mzima hunakiliwa. Akibonyeza 5yy, hunakiliwa mistari mitano. Amri ya dd hufuta mstari. Herufi p ndogo hubandika chini ya mstari alipo, na P kubwa hubandika juu yake. Akikosea, herufi u hutangua.

Lakini kufuta katika Vim si kutupa. Kilichofutwa huwekwa akiba, tena katika chombo kilekile kilichokuwa na nakala. Ndiyo maana cha pili hukiondoa cha kwanza.

Hata hivyo, nakala huwa haijapotea. Vim huiweka pia katika rejista ya 0, ambayo haiguswi na ufutaji. Mtu aliyepatwa na mkasa huo na abonyeze alama ya ", kisha 0, kisha p, nakala yake itarudi.

Lililo bora zaidi ni kuipa nakala jina mapema. Mama mwenye busara hachanganyi chumvi na sukari katika kopo moja. Kila kitu hukipa kopo lake. Vim nayo ina makopo 26, tangu a hadi z. Amri ya "ayy huweka mstari katika rejista a, na "ap huubandika, hata kama yamefutwa mengine mengi katikati. Akitumia herufi kubwa, yaani "Ayy, mstari mpya huongezwa juu ya akiba iliyomo, wala hauiondoi.

Inafaa pia kukumbuka kwamba programu hii hutolewa bure. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Mwaka 1994 alifanya kazi za maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, mahali ambapo UKIMWI ulikuwa umewaacha watoto wengi bila wazazi. Tangu hapo aliwaomba walioridhika na Vim wawachangie watoto hao, na ombi hilo akaliandika ndani ya programu yenyewe.

Basi, anayenakili maandishi asitegemee chombo kimoja kushika mawili. Aipe nakala yake jina, ndipo afute.